Mpaka wa Tano

Hati ya nyumba ya Eudoxia Quizhpe
inataja mipaka minne:
mbele, barabara ya mawe ya Wahispania;
nyuma, ukuta wa masista;
kushoto, mfereji;
kulia, nyumba ya Remigio, fundi kengele.

Juu hakukutajwa.
Nani angedhani juu nako kunauzwa?

Warithi wa Remigio wako Madrid.
Waliuza kwa simu, dakika kumi na moja,
na mnunuzi akaja na saruji,
akapandisha ghorofa ya tatu, ya nne,
na ya tano akaiita dari.

Mimi ndiye karani niliyetumwa na baraza.
Sheria: paa lisipite kengele ya kanisa.
Nikapima. Lilipita kwa mita mbili na shubiri.
Wakaniambia nianzie kilimani, nyuma,
si barabarani.
Nikapima tena. Halikupita.

Kalamu haina haya. Mkono unayo,
lakini mkono una watoto watatu shuleni.

Eudoxia husuka kofia, huzianika uani.
Sasa saa nne tu asubuhi ua umeingia kiza,
naye hulifuata jua na kigoda chake:
ukumbini, kizingitini,
mwisho nje kabisa, juu ya mawe,
kofia nyeupe zimemzunguka kama kuku.

Jana nilirudi kwake na karatasi ya faini:
kigoda kimeziba njia ya umma
kwa sentimita arobaini.

Hizo hakuna aliyeniambia nizipime upya.