Mizani ya Kibirizi

Mvua ikinyesha usiku, sihitaji kuambiwa.
Mitaro ya Mwanga imeshuka na mji mzima mdomoni:
makopo ya maji, ya juisi, ndara moja ya mguu wa kushoto,
rambo tuliyoizika kwa sheria, ikafufuka na matope yake.
Vyote vimekuja kulala kati ya gati na mitumbwi,
vinapanda, vinashuka,
kama ziwa linapumua kwa shida.

Nafungua kibanda. Natundika mizani.

Shuleni nilijua mizani nyingine,
nane kwa nane, nikihesabu kwa vidole chini ya dawati:
*Ziwa letu ni la kina, maji yake ni ya kale,
samaki wana majina, kuhe na dagaa tele.*
Mwalimu Ntahondi akanipa saba juu ya kumi,
akasema vina vimekaa, ila shairi halijalowa.
Leo nazielewa zile tatu alizoninyima.

Kilo ya makopo, shilingi mia tatu.
Kilo ni makopo arobaini na kitu, yakiwa makavu,
na makavu nani ananiletea?
Sikudhani, muuza dagaa, huleta yake yamekamuliwa,
vizibo kando, maana vizibo vina bei yake.
Mabaharia wa boti za Uvira hutia mchanga.
"Mchanga wa Kongo huo, karani, dhahabu tupu!"
Namwaga dhahabu yao mlangoni. Ufukwe unaongezeka.

Si kazi ya sifa.
Wenye mizigo ya mawese hunipita wamebana pua,
na mmoja wao, akishamaliza maji yake, hulirusha kopo,
si kwangu, majini,
hatua nne kutoka kwenye mizani.
Kusema nilishaacha. Nitalinunua kesho
kwa Bukuru au Butoyi, likiwa limenenepa tope.

Hao ni mapacha. Bukuru hupiga mbizi, Butoyi hushika kiroba.
Alhamisi ile Bukuru alikuwa na homa,
Butoyi akazama mwenyewe kule kwenye mawe ya Bangwe,
akaja na kiroba mgongoni
na kopo moja mkononi, limejaa maji,
amelifunika mdomo kwa kiganja.

"Hilo mwaga, weka hapa."
"Hili siuzi. Lina mwenyewe."
"Mwenyewe nani?"
"Yumo."

Nikaliinua juani.
Kasamaki, urefu wa kidole cha mwisho, kana milia,
kananikazia macho kama mwenye nyumba aliyegongewa usiku,
na ubavuni mwa plastiki mayai yamebandikwa,
punje za ulezi.
Wazee wake walitaga kwenye magamba ya konokono.
Huyu amepanga kwetu.

Nikakaa chini. Mimi,
niliyeandika ukutani kwa mkaa LISIBAKI HATA MOJA,
sikujua niandike nini daftarini.
Kulimwaga ni kumbomolea mtu.
Kulirudisha ni kutupa takataka ziwani,
na tangazo la faini nimelibandika kwa mkono wangu.

"Yanaanguliwa baada ya siku ngapi?"
"Sijui. Nitakuwa nachungulia."

Nikalitundika kwenye ndoano vilevile,
na maji yake, na mwenyewe.
Mshale ukatetemeka, ukagoma kusema.
Nikaandika: *Kopo moja. Limekopwa na ziwa.
Mdhamini, Butoyi.*

Akaondoka nalo kuelekea Bangwe, polepole,
mkono mbele, kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa,
akikwepa mashimo, akikwepa pikipiki,
akikwepa hata mimi niliyekuwa namwita achukue pesa zake.

Kiroba chake kilikuwa kilo tatu na robo.
Nilimlipa nne.
Mizani imezidi, najua.