Kikohozi

Ghala la korosho, Mtama. Viti vya kuazima shuleni.
Fadina amejifunga kanga yangu,
niliyompa kwa mkono wangu; tope la Lukuledi
limegoma kutoka pindoni.

"Naitwa Somoe Nangumbi," anasema.
Watu wananigeukia.
Mimi nakagua kucha zangu.

Kila neno analo.
"Maji yaliingia kwa mlango wa uani,
kama mtu wa nyumbani."
Hata "yaani" zangu kazihesabu, hajapunguza moja.
Na pale nilipokohoa, simu yao ikinirekodi,
naye anakohoa.

Walidhani vumbi la pumba.
Pale niliruka jambo:
mkono mmoja ulishika nguzo,
mmoja ulimshika Hamdu,
na mmoja ukachoka.

Makofi. Mwenyekiti wa kijiji anafuta macho kwa kofia.
Fadina ananijia mbio, jasho shingoni:
"Mama, nimekosea wapi?"

Namfunga kanga upya, ilikuwa imelegea.
Kesho, namwambia, mkienda kuonyesha Nyangao,
ukifika kwenye kikohozi
usiharakie sentensi ya mbele.
Simama hapo.
Waache waanze kusogeza viti.