Shuka Jeupe, Rudzupe

Walirudi na filamu yao mwezi wa Novemba,
wakatundika shuka jeupe ukumbini.
Tulikuja thelathini na mmoja, yaani kijiji kizima,
na mbwa wa Skaidrīte.

Nianze na sifa; mgeni hupewa kiti kwanza.
Yule mshika kamera anaijua shayiri.
Ameiacha ipumue dakika nne nzima,
bila mtu, bila neno, upepo tu ukiichana nywele,
hata mimi niliyeipanda miaka arobaini
nikajiuliza: mle ndani mna nini?

Na yule binti aliyetoka mjini
anapopewa mkate na mwenye nyumba
anatafuna polepole, anameza, anatabasamu,
na jicho lake linautafuta mlango.
Jicho tu. Shingo haikugeuka.
Ojārs alisahau kukohoa.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Basi shika.

Yule mbuzi. Tunamjua, ni Berta wa akina Valdis,
mla soksi,
wamemtia macho mekundu kama taa za breki.
Watoto wote wawili tulio nao walicheka.

Halafu profesa na kitabu chake cha ngozi,
anasoma kila siri kwa sauti:
mungu wa shamba, damu, mwaka wa njaa.
Nani alimuuliza?
Giza likishaelezwa hubaki chumba
kilichokosa balbu.

Na fidla! Mlango ukifunguliwa, fidla zinapiga yowe,
kana kwamba bawaba haijui kulia yenyewe.
Waje ghalani kwangu usiku wa baridi,
bure.

Watu mia wamevaa vinyago vyangu vya mabua
(nilivisuka mwenyewe, euro nane kila kimoja),
wanauzunguka moto asubuhi, mchana, jioni.
Ng'ombe anakamuliwa na nani?
Hata shetani hungoja maziwa yachujwe.

Lakini kosa nililotoka nalo mlangoni
ni hili: wametaka tuogopwe kwa wingi wetu.
Mia, wakiimba!
Sabini waliletwa kwa basi kutoka Riga,
wakalipwa, wakaondoka kabla ya chakula cha jioni.
Kamera haikuingia shuleni, kwenye kufuli,
wala nyumbani kwa Aina, sahani bado mezani
tangu wanawe walipokwenda Ireland.
Mwishoni wanamchoma mgeni, mavuno yanarudi.
Jamani, mgeni!
Angetufikia mmoja tungempa chumba cha kusini,
tungemfichia viatu ili asiondoke.

Kuna sekunde tatu sidhani walizikusudia.
Binti anakimbia, kamera inamfuata ikiyumba,
na nyuma yake, dirishani,
Vija anamenya viazi.
Hatazami. Hajui kuna filamu.
Tulimzika Septemba.

Ukumbini hakuna aliyepiga kelele
kama walivyotutarajia.
Mtu alisema tu, "Huyo pale."
Mbwa akainua masikio.
Binti akaendelea kukimbia peke yake,
hakuna aliyejali kama atakamatwa.

Ojārs akasimama, kofia mkononi,
akamwomba kijana wa mashine arudishe nyuma.
Akarudisha. Ganda refu, halikukatika.
Akarudisha tena.