Tangi

Swali la kumi na saba:
bomba lajaza tangi kwa saa sita,
tundu lalimwaga kwa saa tisa;
tangi litajaa baada ya saa ngapi?

Aliyetunga hajalala Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
ambako bomba hukohoa alfajiri mara mbili, likanyamaza,
na tangi letu, pipa la bluu lenye kiraka cha lami,
hujaa siku mamdogo Tunu akimuwahi mwenye mkokoteni.

Najibu hata hivyo. Kumi na nane.
Dakika mbili zimekwenda; nilipewa moja na nusu.

Maneno ya Kiingereza nimeyabandika
mlangoni mwa friji.
Tunu huyasoma kama majina ya dawa,
aniuliza lipi la kutuliza tumbo.
Nacheka. La ishirini nalikosa.

Ili nikasomee usanifu majengo, shahada ya pili,
sharti nijue pembe iliyojificha ndani ya duara.
Sawa, nitaijua. Ada ya mtihani ni miezi miwili
ya kupima viwanja Pongwe, juani.
Ila hawaulizi, na nimepekua kurasa zote,
baraza liwe na upana gani
wawili waketi wameelekeana, kahawa katikati,
na wa tatu apite na sinia la vitumbua
asiombe njia.

La kwetu nimelipima kwa futikamba ya fundi Shekue:
futi tano na shubiri.
Nimeandika pembeni mwa ukurasa,
penye nafasi ya kukokotolea.

Swali la ishirini na moja.
Bomba limekohoa.
Naiacha saa ikimbie, nachukua ndoo.