Ritifaa

Umeme ulirudi saa nne kasoro,
printa ikakohoa kama mtu aliyelala nje.
Masalu akaingia na flashi ndani ya kibiriti kitupu.
"Ni ukurasa wa mama. Arobaini ni Jumamosi.
Ndugu wa Geita, wa Kahama, wa ng'ambo ya ziwa,
wausome kwenye simu."

Nikaufungua. Pale juu, kwa herufi nene:

        Ngâ€™washi binti Lugwisha
        mfanyabiashara wa ngâ€™ombe

Masalu kimya.
Kirumba nje ilinuka dagaa na dizeli.
"Hiyo ya katikati ni yuro?"
Ni yuro.
"Mama hajawahi kushika yuro.
Aliuza mnadani Misungwi, shilingi, taslimu,
na aliyemkopa alimjua mpaka ukoo."

Nikamweleza nilivyoweza:
kompyuta haina herufi, ina namba tu.
A ni sitini na tano.
Na hii ritifaa iliyojipinda,
kakucha kanakokaa baina ya ng na w,
ni baiti tatu zilizoshikana mikono.
Msomaji asipoambiwa mapema zimesimbwaje
huziachanisha, huziita moja moja kama watoto wa shule,
na kila moja huitikia jina la mgeni.

"Basi itoe. Andika Ngwashi. Watajua."

Hapo vidole vyangu vikagoma.
Mimi ni Ng'wandu.
Cheti cha darasa la saba: Mwandu.
Kitambulisho: Ngwandu.
Benki: NG WANDU, na pengo katikati
kama la jino.
Tuko watatu, na hakuna anayeweza
kumdhamini mwenzake mkopo.
Mji wenyewe, husema kwetu, ulikuwa Ng'wanza
kabla ya mtu mmoja mwenye wino na haraka.
Toa ritifaa, ng'oa inabaki ngoa:
ulikwenda kung'oa kisiki,
umerudi na wivu.

Sikuitoa. Nikapasua tumbo la ukurasa,
kule kwenye lebo ambazo msomaji haonyeshwi.
Kila lebo inayofungua ina mwenzake wa kufunga,
yule mwenye mkwaju begani.
Masalu alifungua unene kwenye jina la mama
na hakuufunga popote,
ndiyo maana ukurasa mzima ulikuwa ukipiga kelele:
wajukuu, ratiba ya ibada, namba ya michango,
hata gharama ya turubai.
"Hapa ulisahau," nikasema, nikapeleka mkono.

"Sikusahau."
Akatazama kibiriti chake.
"Niliona kama nikifunga pale..."
Hakumaliza.

Nikaifunga chini kabisa,
baada ya jina la mjukuu wa mwisho, yule wa wiki tatu.
Sheria inataka ifungwe.
Haisemi upesi.

Kisha kichwani, mstari mmoja, utf-8:
hodi ya mgeni kabla hajavua viatu,
nimekuja na maandishi haya, nisomeni hivi.
Nikapakia upya.

        Ng'washi binti Lugwisha
        mfanyabiashara wa ng'ombe

Aliisoma kwa sauti. Ile ng' ikapanda puani,
ikakaa kidogo, ikashuka
kama inavyoshuka kwa mtu anayemwita mwenzake
aliye upande wa pili wa zizi.
Akairudia. Mteja wa fotokopi akageuka kutazama.

"Kiasi gani?"
Elfu tatu.
Akatoa mbili. "Nyingine Jumamosi, utakapokuja."
Hakuniuliza kama nitakwenda.

Umeme ukakatika kabla sijatoa risiti.
Nikaiandika kwa mkono, mlangoni, penye mwanga.
Peni haihitaji kuambiwa chochote:
*kwa ajili ya ukurasa wa Ng'washi*,
ritifaa nikaikandamiza hadi karatasi ya pili.
Nikatia sahihi, nikampa, akaenda zake.

Nakala ilibaki kitabuni.
Jioni nikiifunga kazi ndipo nilipoiona sahihi:
Mwandu.
Mkono umezoea.