Matundu ya Juu

Mchana napima dawa, duka letu la Kamalondo:
kwinini, unga wa kuhara, sharubati ya kikohozi.
Usiku nafungua mzani mwingine, ndugu wa ule wa dukani,
ambao haujawahi kuonja dawa.
Huu hula baruti tu,
punje nyeusi, duara, kama mbegu za lengalenga.

Maganda yamesimama kwenye ubao aliotoboa Kisimba,
hamsini, midomo juu, kama vifaranga.
Ni shaba hii. Labda ilitoka hapa hapa,
ikapita relini ikiwa mawe, ikavuka maji,
huko ikaoa zinki, ikarudi na jina la kigeni kisiginoni,
nami nikailipa kwa dola.
Naitia fataki mpya. Mara ya sita hii.
Lenye ufa nalitupa kwenye kopo la maziwa.

Moto ukikatika
(kwetu umeme ndio moto, huondoka saa mbili bila kuaga)
sitafuti mshumaa.
Nafunika chupa, nakaa na giza,
mikono juu ya meza kama mtu aliyekamatwa.
Mama, kutoka chumbani: "Chansa, bado uko na vile vitu?"
"Bado, mama."
"Unataka kumuua nani?"
"Karatasi."
Hacheki. Alitoka Pweto kwa miguu, mimi mgongoni,
na sauti ile kwake haina mchezo.

Bastola yangu ina kompansatere, bomba fupi mdomoni,
lina matundu matatu upande wa juu.
Gesi hutokea hapo, hurukia mawinguni,
na mdomo wa bastola unasukumwa chini.
Ukipiga ukuta teke, alisema Kisimba,
anayerudi nyuma ni wewe.

Mwaka jana nilidhani busara ni kupunguza.
Baruti kidogo, kelele kidogo, mkono utulie.
Nikapunguza. Nikapunguza tena.
Bastola ikaugua: ganda likakwama mlangoni,
nusu ndani, nusu nje,
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa,
na alama nyekundu ikaruka juu ya shabaha kama panzi.

Kisimba, mchonga vyuma wa njia ya Kipushi,
hakuja kutazama. Alisikiliza tu, mgongo kwangu.
"Umelilaza bomba njaa," alisema.
"Halina cha kupumua.
Tafuta risasi nyepesi, baruti ya polepole, lishibe gesi.
Lakini taratibu, na kila mara soma fataki:
ukiiona imekuwa bapa, rudi ulikotoka."

Daftari lina miezi minne,
tarehe, joto, upepo, doa la mafuta ya samaki,
na neno "hapana" mara kumi na saba.
Jumapili ya kwanza ya mvua nilifyatua sita
na alama nyekundu ikakaa.
Ilitetemeka, ndiyo,
kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi,
kisha ikakaa.
Gesi nyingi zaidi, na mkono mtulivu zaidi.

Niliporudi nilitaka kumwambia mama.
Alikuwa anasonga bukari, mgongo umenyooka,
mama asiye na tundu lolote la juu,
ambaye tangu Pweto anapunguza, anapunguza,
mpaka maneno yanakwama mlangoni.
Nikasema nimeshika nafasi ya nne.
Akasema, nawa mikono.

Lakini kabla ya hapo, kule uwanjani,
tuliokota maganda kwenye nyasi mbichi.
Arobaini na tisa.
La hamsini lilikuwa limeshavuka ua,
liko kwa mtoto wa mchoma makaa,
amelibana chini ya mdomo, anapuliza.
Filimbi nyembamba, kali, haina wimbo.
Kisimba alianza kumfuata; shaba ni pesa.
"Mwache," nilisema,
nikaandika kwenye daftari: 49,
na moja inalia.