Siku ya Ishirini na Nane

Nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.
Mto Selenge umekuwa barabara ya malori.
Nimeingia na begi la nyaya, na barua ya mkurugenzi:
toa kumbukumbu zote za usiku wa tarehe kumi na tisa.

Usiku ule chekechea iliamka na barafu mabombani,
na mji umeshakata shauri: Dashnyam alilala.

Paneli ya tanuri imechakaa kioo
pale tu vidole vinapopita sana, kama kizingiti.
Inakumbuka siku thelathini, basi.
Ya thelathini na moja huingia ikiila ya kwanza,
nyoka anayejimeza mkia na hashibi.
Leo ni ya ishirini na nane.

Nachomeka flashi yangu mpya. Kifaa hakitambuliki.
Nachomoa, naipuliza, nachomeka. Kifaa hakitambuliki.
"Ni kubwa mno," namwambia. "Mashine hii ya zamani,
haijui kuhesabu kufika huko."
"Basi tumefanana," anasema, wala hacheki.

Anatoa funguo zake: wa ghala, wa pikipiki,
na katikati flashi ndogo iliyokwaruzika, gigabaiti mbili,
imejaa.
Imejaa farasi mmoja.

Kwenye kompyuta yangu tunachagua cha kufuta.
"Hapa alikuja wa sita. Futa.
Hapa ana matope hadi tumboni. Acha.
Hapa si yeye, ni makalio ya farasi wa Gombosuren.
Futa! Unangoja nini?"
Tunapata nafasi. Si kubwa, inatosha.

Menyu ni ya Kijerumani, hatukijui sote wawili.
Nimezikariri nafasi zake
kama mtu anavyojua ngazi za kwao gizani:
chini, chini, kulia, bonyeza, ngoja.
Mstari wa kijani unatambaa.
Asilimia nne.
Asilimia nne.
Asilimia tisa.
Dashnyam amemimina chai ya maziwa na chumvi
na ameisahau mkononi; inafanya utando.
Makaa yananguruma nyuma ya ukuta.
Hakuna anayethubutu hata kuegemea meza.

Faili linafunguka, tarakimu zinamwagika.
Tarehe kumi na tisa, saa nane na dakika thelathini na nane usiku,
maji yana nyuzi sabini na moja.
Mstari unaofuata:
tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili, saa sita kamili usiku.

Namweleza. Umeme ulikatika.
Betri ya saa ilikuwa imekufa zamani, hakuna aliyejua,
na umeme uliporudi paneli ikaamka
ikidhani dunia ndiyo kwanza inaanza.

Anautazama mwaka ule muda mrefu.
"Kipupwe kile kilimaliza mifugo yetu," anasema.
"Wote. Tuliwapanga kando ya hema kama magogo.
Ndipo nikashuka mjini kuomba kazi humu."

Sijui la kumjibu. Nateremka na mistari.
Dakika ya pili: washa pampu. Imekataa.
Dakika ya tatu: washa pampu. Imekataa.
Ya tano. Ya sita. Ya sita tena.
King'ora kimezimwa, kimelia, kimezimwa.
Washa pampu. Washa pampu.
Mpaka saa kumi na dakika kumi, kwa saa ya uongo,
neno moja jipya: imekubali.

Jumatatu tume itakuja, na itasema
ushahidi wa mwaka elfu mbili si ushahidi.
Nitaandika kwa kalamu, nitaeleza habari ya betri,
nitagonga muhuri. Huenda wakasoma.

Nachomoa flashi, namrudishia farasi wake.
Anaifunga kwenye funguo, kidole gumba kikitetemeka kidogo.
"Mara ngapi?" anauliza, kashaelekea mlangoni.
"Nilibonyeza mara ngapi?"
"Arobaini na moja."

Anavaa kofia, anafunga kamba za masikio.
"Nilidhani," anasema, "hazifiki ishirini."